Mkopo wa nyumba iliyo nchi nyingine ukianza kukushinda: hatua kwa hatua

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Nikiacha kulipa, watanifuata hadi huku nilipo? Nikiwarudishia funguo, tumemalizana? Nisubiri kwanza bei za nyumba zipande? Na lipo jingine ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: nimeshakosa miezi miwili na sijawaambia kitu, nimechelewa?

Kwa ufupi: ndiyo, wanaweza kukufuata. Hapana, funguo si malipo. Bei usiitegemee. Na hapana, hujachelewa, ila anza leo hii. Walioumia zaidi kati ya wale niliowasaidia si waliokuwa na pesa kidogo kuliko wengine. Ni wale walionyamaza kwa sababu nyumba ilikuwa mbali na macho.

KABLA YA KUANZA

Tenga jioni mbili, zima simu, na ukusanye hivi:

- Mkataba wa mkopo pamoja na viambatisho vyake vyote, hata kurasa za maandishi madogo.
- Taarifa ya mkopo ya miezi 12 iliyopita. Kama huna, iombe benki. Ni haki yako.
- Hati ya umiliki, au nakala mpya kutoka kwa msajili wa ardhi wa nchi ile, inayoonyesha nani mwingine ana madai juu ya nyumba.
- Bima zote zilizouzwa pamoja na mkopo. Watu wengi wamekuwa wakilipia kwa miaka bima ya kupoteza kazi au ya ugonjwa bila kukumbuka kuwa wanayo. Isome leo, maana madai ya bima yana siku za mwisho.
- Bili za nyumba: kodi ya jengo, maji, umeme, ada ya jumuiya ya wamiliki.
- Namba yako ya mlipakodi katika nchi ile na kitambulisho ambacho hakijaisha muda.
- Karatasi moja yenye kipato chako chote na matumizi yako yote ya mwezi. Usijidanganye humo, benki itaiangalia.
- Daftari la kuandika kila mawasiliano: tarehe, jina la uliyezungumza naye, alichosema.

Kama mkataba uko katika lugha usiyoisoma vizuri, lipa mtafsiri kwa ajili ya vipengele vitatu tu: kuchelewa kulipa, riba ya adhabu, na anwani ya kupokelea barua.

HATUA

1. Badilisha anwani yako benki.

Hii naiweka mbele ya mambo ya pesa kwa makusudi. Nilimsaidia mama mmoja mwenye fleti ambayo hakuwa ameingia karibu mwaka mzima. Tulipofungua mlango ulikwama. Barua zilikuwa zimerundikana nyuma yake, za chini zimejikunja kwa unyevu. Ya zamani kabisa, ya miezi kumi na moja nyuma, ilikuwa ya upole: benki ikimwomba apige simu wazungumze. Ya juu kabisa ilitoka mahakamani, na muda wa kuijibu ulikuwa umepita kwa siku tisa.

Mikataba mingi inasema barua iliyotumwa kwenye anwani ya nyumba yenyewe inahesabiwa kuwa imekufikia. Kwa hiyo toa anwani unayoishi sasa, kwa maandishi, na utunze uthibitisho kwamba wameipokea. Pia mpe mtu unayemwamini ufunguo wa sanduku la barua.

2. Tafuta tarakimu tatu.

Ya kwanza ni malimbikizo: kiasi ulichokwisha kukosa kulipa, pamoja na riba ya adhabu. Ya pili ni salio lote la mkopo kama ungelimaliza leo, pamoja na ada ya kulipa mapema. Ya tatu ni pesa ambayo ingebaki mkononi nyumba ikiuzwa leo, baada ya dalali, wakili na kodi.

Kwa ile ya tatu usichukue bei ya matangazo. Tafuta mthamini, au uliza mawakala wawili nyumba za mtaa huo zimeuzwa kwa kiasi gani hasa miezi ya karibuni. Ikiwa tarakimu ya tatu inazidi ya pili, una nafasi ya kutoka salama na usiipoteze kwa kusubiri. Ikiwa ni ndogo, nyumba haitoshi kulipa deni lake, na hatua ya 7 na ya 8 zisome mara mbili.

3. Jua saa ya mkopeshaji inavyokwenda.

Kila nchi ina saa yake. Hispania, kwa sheria namba 5 ya mwaka 2019, benki haiwezi kudai mkopo mzima wa nyumba kutoka kwa mtu binafsi hadi malimbikizo yafike marejesho 12 ya mwezi au asilimia 3 ya mtaji uliokopeshwa, kama mkopo bado uko katika nusu yake ya kwanza. Katika nusu ya pili ni marejesho 15 au asilimia 7. Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka notisi ya siku zisizopungua 90, kisha notisi nyingine ya kuuza ya siku zisizopungua 40.

Onyo: kinga nyingi unazozisoma ni za mtu anayeishi ndani ya nyumba hiyo. Marekani kuna kanuni ya shirikisho inayozuia kuanza kutwaa nyumba kabla deni halijachelewa zaidi ya siku 120, lakini ni kwa makazi makuu ya mkopaji. Nyumba ya likizo au ya kupangisha haimo. Kabla ya kutegemea kinga yoyote, uliza swali moja: inamhusu mmiliki asiyeishi hapo?

4. Andikia benki kabla rejesho la kwanza halijaruka.

Kama limeshapita, andika leo. Simu peke yake haitoshi. Ukipiga, fuatisha barua pepe inayorudia mliyozungumza. Andika kwa lugha ya benki ile, kwa sentensi fupi. Muundo huu umefanya kazi:

"Mimi ni mkopaji katika mkataba namba ____, wenye dhamana ya nyumba iliyopo ____. Tangu tarehe ____ kipato changu kimeshuka kutoka ____ hadi ____ kwa sababu ya ____, ushahidi nimeambatanisha. Kuanzia rejesho la tarehe ____ sitaweza kulipa ____ kwa mwezi. Ninaweza kulipa ____. Naomba kwa miezi ____ nilipe riba peke yake, kisha turudi kwenye ratiba. Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe ____, kwa barua pepe hii na kwa anwani hii ninayoishi."

Angalia kilichomo na kisichomo. Hakuna hadithi ndefu ya maisha, hakuna kuomba huruma, hakuna lawama. Kuna kiasi unachoweza, muda, na ombi moja. Ofisa wa mikopo anahitaji karatasi ya kupeleka kwa bosi wake, na wewe umemwandalia.

Endelea kulipa kiasi ulichotaja hata kabla hawajajibu, ila usitaje kiasi usichoweza. Ahadi iliyovunjwa mwezi wa pili inafunga mlango kuliko ahadi ndogo.

Katika Umoja wa Ulaya una la kusimamia: maelekezo ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2014 yanazitaka nchi wanachama kuchukua hatua za kuhimiza wakopeshaji wawe na uvumilivu wa kiasi kabla ya kuanza kutwaa nyumba. Litaje kwa adabu.

5. Chagua nafuu ukijua gharama yake.

Chukua mkopo wenye salio la 100,000, riba ya asilimia 5, miaka 15 imebaki. Rejesho ni kama 791 kwa mwezi.

Ukiruhusiwa kulipa riba tu kwa mwaka mmoja, unalipa kama 417. Mwaka ukiisha mtaji uko palepale na miaka imebaki 14, kwa hiyo rejesho linapanda hadi 829 hivi. Hiyo ni bei ndogo kwa mtu anayejua kwamba kazi inarudi.

Ukirefusha muda hadi miaka 25, rejesho linashuka hadi 585. Linavutia. Lakini riba yote utakayolipa inatoka kwenye 42,000 na ushei hadi zaidi ya 75,000. Ukichagua hivi, hakikisha mkataba unakuruhusu kulipa zaidi mambo yakikaa sawa, bila adhabu.

Kuna pia kusimamisha malipo kabisa kwa miezi kadhaa. Uliza kama riba inaendelea kuhesabiwa wakati huo. Karibu kila mara inaendelea, na inaongezwa kwenye mtaji. Miezi sita ya kupumua hivyo ni sawa kwa mtu anayeuza nyumba. Kwa mtu asiye na mpango, ni shimo linalochimbwa polepole.

Onyo kubwa: usichukue mkopo mpya kwa kuweka rehani nyumba unayoishi ili kuokoa ile ya mbali. Kabla ya hapo una tatizo la nyumba moja. Baada ya hapo familia yako yote inalala juu ya tatizo hilo.

6. Shughulikia sarafu.

Wengi hudhani kipato ndicho kilichopungua, kumbe ni thamani ya pesa yao. Rejesho ni 900 kwa sarafu ya huko. Sarafu hiyo ikiuzwa kwa 1.20 ya kwako, unatoa 1,080. Ikifika 1.45, unatoa 1,305. Benki haijaongeza hata senti, na wewe unatoa 225 zaidi kila mwezi, 2,700 kwa mwaka, bila kuhesabu ada za kutuma.

Cha kufanya haraka: linganisha gharama ya jumla ya kutuma, yaani ada pamoja na kiwango cha kubadilishia, si ada peke yake. Ada sifuri mara nyingi imefichwa ndani ya kiwango kibaya. Na tuma siku kadhaa kabla. Malipo yaliyofika siku moja baada ya tarehe ni malipo yaliyochelewa.

Kama mkopo wenyewe uko katika sarafu isiyo ya kipato chako, tafuta kipengele cha kuibadilisha. Kwa mikataba ya Umoja wa Ulaya iliyosainiwa kuanzia Machi 2016, mkopaji anatakiwa awe na haki ya kubadili sarafu au njia nyingine ya kupunguza hatari hiyo, na mkopeshaji anatakiwa kumwonya mara kwa mara tofauti inapozidi asilimia 20. Kwa mikataba ya zamani zaidi, hasa ile ya faranga ya Uswisi iliyopaa baada ya benki kuu ya Uswisi kuondoa, tarehe 15 Januari 2015, kikomo ilichoweka ili faranga isipande mno dhidi ya euro, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imetoa hukumu kadhaa zilizowasaidia wakopaji ambao hawakuelezwa hatari waziwazi. Hapo mtafute wakili wa nchi husika kabla ya kusaini marekebisho yoyote, kwa kuwa benki inaweza kukuletea karatasi inayokufanya uachilie haki ya kudai.

7. Nyumba ijilipie, au iuzwe.

Kupangisha kunasaidia ikiwa kodi ya pango inafunika sehemu kubwa ya rejesho. Piga hesabu kwa miezi kumi, si kumi na mbili, maana nyumba inaweza kukaa tupu. Toa wakala, matengenezo na kodi ya mapato. Kabla mpangaji hajaingia, pata ruhusa ya benki kama mkataba unaitaka, iarifu bima, na uulize kama pangisho la muda mfupi linahitaji leseni.

Kuuza mwenyewe ni bora kuliko mnada karibu kila wakati. Mnunuzi wa mnadani anajua unabanwa, na gharama za mahakama na za dalali wa mnada zinarudi kwenye deni lako. Huhitaji kusafiri. Unaweza kumpa wakili hati ya uwakilishi, iliyothibitishwa unakoishi na kugongwa apostili, yaani muhuri unaoifanya ikubalike nchi nyingine, kama nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1961. Kama hazimo, njia ni ubalozi. Hati hiyo iandikwe kwa nyumba hiyo moja, kwa bei isiyopungua kiasi fulani, na pesa zielekezwe kwenye akaunti iliyotajwa. Hati ya wazi wazi inayompa mtu mamlaka ya kila kitu usiitoe, hata kwa ndugu.

Sasa jambo linalowashtua wauzaji siku ya kusaini. Nchi nyingi humkata muuzaji asiye mkazi kodi ya awali papo hapo. Hispania mnunuzi huzuia asilimia 3 ya bei. Marekani, kwa kawaida, ni asilimia 15 ya bei. Tuseme nyumba ya Hispania imeuzwa 200,000 na benki inadai 190,000. Ondoa 6,000 zilizozuiwa, ondoa 10,000 za wakala: zimebaki 184,000. Uliyedhani unatoka na 10,000 mfukoni, sasa una upungufu wa 6,000 kabla hujamlipa wakili na kodi ya manispaa. Ile iliyozuiwa unaweza kuidai ikiwa hukupata faida, lakini inarudi baadaye, na benki inataka leo. Panga upungufu huo mapema.

8. Kurudisha nyumba kwa benki.

Funguo ndani ya bahasha hazifuti deni. Kifungu cha 1911 cha sheria ya madai ya Hispania kinasema mdaiwa anawajibika kwa mali zake zote, za sasa na zijazo. Nchi nyingi ziko hivyo: nyumba ikiuzwa pungufu, kilichobaki bado ni chako, na riba inaendelea. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani mkopeshaji huzuiwa kudai kilichobaki, lakini kwa masharti. California, kwa mfano, mojawapo ya kinga hizo inamhusu aliyenunua nyumba ili akae mwenyewe.

Benki inaweza kukubali kupokea nyumba na kufuta deni lote, ila ni makubaliano, si haki ya moja kwa moja. Usikabidhi ufunguo hadi uone sentensi inayosema deni lote, pamoja na riba na gharama, limemalizika na benki haitadai zaidi. "Tutapokea nyumba kama sehemu ya malipo" ni sentensi nyingine kabisa. Mwombe wakili wako, si wa benki, aisome hiyo peke yake kama huna pesa ya kumlipa asome yote.

9. Karatasi ya mahakama ijibiwe.

Ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2015, hukumu ya madai ya nchi moja inatekelezwa katika nchi nyingine bila kuombewa kibali kwanza. Ipo pia amri ya malipo ya Ulaya, yaani amri ya mahakama ya kumtaka mdaiwa aliye nchi nyingine alipe. Ukiipokea una siku 30 za kupinga, na fomu ya kupinga haikudai hata ueleze sababu. Mkataba wa Hague wa mwaka 2019 kuhusu hukumu umeanza kutumika kati ya Umoja wa Ulaya na Uingereza tangu Julai 2025. Kwa hiyo kuhama nchi si kinga. Andika tarehe uliyopokea juu ya bahasha, tunza bahasha, na upige simu kwa wakili siku hiyohiyo.

UKIKWAMA

Benki haijibu. Tuma malalamiko rasmi kwa kitengo cha huduma kwa wateja, yakiwa na neno "malalamiko" kwenye kichwa. Hapo saa nyingine inaanza. Uingereza, kwa malalamiko mengi, benki ina wiki nane, kisha unaweza kwenda kwa msuluhishi wa huduma za fedha bila malipo. Ulaya upo mtandao wa FIN-NET unaounganisha wasuluhishi wa nchi mbalimbali, kwa ajili ya mtu anayeishi nchi moja na kudaiwa nyingine.

Kampuni usiyoijua inasema imenunua deni lako. Usilipe kitu hadi ilete uthibitisho wa kuhamishiwa deni na hesabu kamili. Waulize benki yako ya awali pia. Ikithibitika ni kweli, jadiliana nao: aliyenunua deni kwa bei ya chini mara nyingi ana nafasi zaidi ya kupunguza.

Mtu amekupigia akiahidi kufuta mkopo kwa ada ya awali. Kata simu. Vivyo hivyo kwa anayetaka umhamishie umiliki "kwa muda" ili akulindie nyumba. Utabaki na deni bila nyumba.

Mmiliki mwenzako au mliyeachana naye hataki kusaini. Kumbuka kwamba mkiwa mmesaini wote wawili, kwa kawaida kila mmoja anadaiwa lote, si nusu. Mpelekee hesabu ya hatua ya 2 kwa maandishi. Watu hukataa kuuza wakidhani wanalinda mali, na hulegea wakiona malimbikizo yanavyokula sehemu yao. Akishikilia, nchi nyingi zina njia ya kuomba mahakama iamuru mgawanyo, lakini ni ndefu na ya gharama.

Pesa zinatosha rejesho tu, bili nyingine zimelala. Ulizia kwanza ada ya jumuiya ya wamiliki na kodi ya jengo. Katika nchi kadhaa madeni hayo yanatangulia mbele ya benki na yanaweza kuuzisha nyumba yenyewe, hata kama mkopo unalipwa kila mwezi.

Umekosa miezi mingi na unaogopa kufungua bahasha. Mwite mtu mmoja akae nawe mezani. Zipangeni kwa tarehe, mfungue kuanzia ya mwisho kurudi nyuma, na muandike tarehe tatu tu: ya notisi, ya mwisho ya kujibu, ya kusikilizwa. Yule mama wa fleti tulifanya naye hivyo, kwenye sakafu, maana meza haikutosha. Siku tisa zilikuwa zimepita, lakini wakili aliomba arudishiwe muda kwa kuwa barua haikuwahi kutumwa alikokuwa akiishi, na benki ilikubali auze mwenyewe. Alisaini kwa hati ya uwakilishi miezi mitano baadaye, na upungufu aliumaliza kwa marejesho madogo ya miaka miwili.